Siku za Mama Ngojea



Mliponiomba nije kuzungumza mbele yenu jioni hii, nilidhani kwanza kwamba ningeeleza habari za uzazi kwa jumla, kama wafanyavyo aghalabu wakunga wenzangu wanapoalikwa katika baraza kama hii. Lakini kila nilipokaa kuandika, kalamu yangu ilirejea mahali pamoja tu katika safari hiyo ndefu, mahali ambapo vitabu vyetu vya mafunzo hupapita kwa kurasa mbili tatu, ilhali wanawake wenyewe hupakumbuka umri wao wote. Nakusudia zile siku za mwisho kabisa, mimba imekwisha kupevuka, nguo za mtoto zimekunjwa sandukuni pamoja na kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, tumbo limeshuka, usingizi umepaa, na utungu hauji.

Nimekuwa mkunga kwa muda wa miaka 34, Unguja na Pemba, na siku hizo nimezipitia mwenyewe pia. Katika mimba yangu ya kwanza nilizidisha siku 9 nyumbani kwa mama yangu, kwa kuwa desturi yetu ya pwani ni mtoto wa kwanza azaliwe kwao mama yake, na katika siku hizo 9 nililijua neno "bado" kuliko neno lolote jingine la lugha yetu. Jirani akichungulia mlangoni huuliza, "Bado tu?" Shangazi akipiga simu kutoka Tanga huuliza, "Mwanangu, hujajifungua bado?" Mavyaa wangu, Mungu amrehemu, hakuuliza kitu, ila alikuwa akinitazama tumbo kisha akitazama ukuta, na kimya chake kilinilemea zaidi kuliko maswali ya wengine. Nilifikia hadi ya kujificha chumbani nisikiapo hodi, kama mtu mwenye deni ambaye hana cha kulipa.

Lililonileta hapa ni hili: tumezoea kuzihesabu siku hizo kuwa ni siku tupu, siku za kukaa tu, na kwa sababu hiyo tunazitendea kwa namna mbili ambazo zote ni mbaya, ama tunamuudhi mwanamke kwa haraka yetu, ama tunamwacha peke yake na kungoja kwake kana kwamba hakumhusu mtu mwingine. Mimi naamini kwamba kungoja huko ni kazi, inayofanywa na mwili wa mama na mwili wa mtoto kwa pamoja. Kazi hiyo ina hesabu yake, ina alama zake, ina hatari zake, na yastahiki kulindwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiko fadhaa inakoanzia. Mwanamke akienda kliniki huulizwa siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho; mkunga huichukua tarehe hiyo, akarudi nyuma miezi 3, akaongeza siku 7, akaandika kwenye kadi tarehe ya kutarajia kujifungua, hata aliyeingia mwezini tarehe 1 Januari huandikiwa tarehe 8 Oktoba. Kanuni hii huitwa kwa jina la tabibu wa Kijerumani, Franz Karl Naegele, aliyefundisha elimu ya uzalishaji katika mji wa Heidelberg mwanzoni mwa karne ya 19, na msingi wake ni siku 280, yaani majuma 40 kamili. Wazee wetu wa baharini na wa makondeni, waliouhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, wangaliweza kuitamka hesabu hiyo kwa wepesi zaidi: ni miongo 28.

Bibi zetu, lakini, hawakuhesabu kwa kadi wala kwa miongo. Walihesabu kwa mwezi unaoandama, wakasema miezi tisa. Nami nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kwamba hayo ni makadirio ya watu wasiojua kusoma, nikayaamini kwa miaka mingi, mpaka siku moja nilipoketi na kalamu nikapima. Tangu mwezi kuandama hadi kuandama tena ni siku 29 na nusu na kidogo. Miezi tisa ya namna hiyo ni siku 266 kasoro saa chache. Na siku 266 ndizo hasa wanazozihesabu wataalamu tangu mimba kutunga, kwa kuwa mimba hutunga takriban siku 14 baada ya hedhi kuanza. Bibi zetu, basi, na yule mwanachuoni wa Heidelberg walikuwa wakisema jambo lile lile, kila mmoja akianzia kuhesabu mahali pake. Nalitaja hili kwa sababu nimewasikia wauguzi vijana wakimcheka mama mtu mzima aliyesema, "Mimi najua kwa mwezi," na kila nilipowasikia niliumia.

Sasa, kosa letu si katika hesabu, ni katika kuifanya kuwa ahadi. Katika kila wanawake 100, wanaojifungua siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi ni 4 au 5 tu. Waliosalia hutangulia au hukawia. Mtoto aliyezaliwa tangu majuma 37 yatimie na kabla ya majuma 42 kutimia amezaliwa katika wakati wake, na hayo ni majuma 5 mazima, zaidi ya mwezi mmoja, ambayo yote ni halali ya uzazi. Tena mimba ya kwanza huelekea kukawia. Uchunguzi uliofanywa Boston huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba mwanamke mwenye mimba ya kwanza, akiachwa utungu umjie wenyewe, kwa kawaida huvuka tarehe ya Naegele kwa siku 8 hivi, na aliyekwisha kuzaa huivuka kwa siku 3. Laiti mtu angaliniambia hayo mimi nilipokuwa nikijificha chumbani! Siku zangu 9, ambazo ukoo mzima uliziona kuwa ni msiba unaokuja, zilikuwa siku za kawaida kabisa.

Na iwapo mwanamke hakumbuki tarehe yake, au alishika mimba hali bado ananyonyesha na hakuwa amerudi mwezini, ile picha ya utrasaundi humsaidia sana ikipigwa mapema, kabla ya juma la 24. Ikipigwa mwishoni, tarehe yake yaweza kukosea kwa majuma 2 au 3. Hivyo asifadhaike mtu kwa kupewa tarehe mbili zinazogombana. Ya picha iliyotangulia ndiyo ya kushikwa.

Sheria ya dini nayo ina hesabu yake. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, waliweka muda mfupi kabisa wa mimba kuwa miezi sita, wakiutoa kwa kulinganisha aya za kubeba mimba na za kunyonyesha, na muda mrefu kabisa wakauweka kuwa miaka minne. Tabibu wa leo hawezi kuukubali mpaka huo wa pili, wala mimi siukubali katika kazi yangu. Lakini naiona ndani yake huruma ya watu waliotaka kuiacha sitara pana, asije mwanamke akatiwa aibu na mtoto akakoseshwa nasaba kwa sababu ya hesabu ya siku. Huruma hiyo ningependa tuwe nayo, ijapokuwa katika mambo ya siku tisa tu.

Nani basi huuanzisha utungu? Swali hili limewashughulisha wanachuoni dahari, na njia waliyoipita yafaa kusimuliwa. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo yaliufanya mfuko wa uzazi wa paka ukazane. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud, huko Marekani, akafaulu kuiunda kwa mikono ya mwanadamu ile dawa yenyewe, oksitosini, ambayo sisi wakunga huitia katika dripu kila siku, na mwaka 1955 akapewa tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 1968 ikawa zamu ya Afrika ya Mashariki: Sultan Karim na wenzake wa Makerere, mjini Kampala, walitangaza kwamba wameuanzisha utungu kwa dutu nyingine, prostaglandini, na dawa za jamii hiyo leo hutumika duniani kote kuulainisha mlango wa kizazi. Jambo hili halitajwi kwa kadiri linavyostahiki katika vyuo vyetu. Mwanafunzi wa ukunga wa Afrika ya Mashariki huhitimu akidhani kwamba elimu yote imeshuka kutoka Ulaya.

Lakini dawa hizo hutuambia namna utungu unavyokwenda, hazituambii nani aliyetoa amri. Hapo ndipo alipoingia tabibu mmoja wa New Zealand, Mont Liggins wa Auckland, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya majaribio juu ya kondoo. Aliiharibu ile tezi ya chini ya ubongo ya mwanakondoo aliye bado tumboni, akaona kwamba mama yake hashikwi na utungu, mimba inaendelea tu kupita muda wake. Kisha akawatia wanakondoo wengine, nao wangali tumboni, zile homoni ambazo mwili hujitengenezea kwa amri ya tezi hiyo, na mama zao wakazaa kabla ya wakati. Kwa kondoo, basi, anayesema "sasa" ni mtoto. Kwa binadamu mambo yana mafundo zaidi, na kondo la nyuma lina sauti yake katika shauri hilo, lakini kauli ya mtoto imo. Liggins aliona jambo jingine katika kazi hiyo hiyo, kwamba wale wanakondoo waliozaliwa mapema baada ya kutiwa homoni walipumua vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Na kutokana na hilo yeye na mwenzake Ross Howie walichapisha mwaka 1972 habari ya sindano anayodungwa mama anayetishiwa kuzaa njiti, ili mapafu ya mtoto yapevuke upesi. Watoto wangapi wamepona kwa ajili ya sindano hiyo, Mungu ndiye ajuaye.

Nimeyarefusha haya kwa makusudi, kwa kuwa mwanamke anayeulizwa "bado tu?" huulizwa kana kwamba yeye ndiye aliyeushika ufunguo na anaikawiza kazi kwa uvivu au kwa kudeka. Hana ufunguo. Mwili wake umejitengeneza kwa majuma mengi: mlango wa kizazi, uliokuwa mgumu kama ncha ya pua, umelainika ukawa kama mdomo, kichwa cha mtoto kimeshuka nyongani, jambo ambalo katika mimba ya kwanza huonekana majuma 2 hadi 4 kabla ya kuzaa na katika mimba za baadaye pengine lisionekane mpaka utungu wenyewe, nao mfuko wa uzazi umekuwa ukijikaza na kujiachia, ukijizoeza. Kujikaza huko Mwingereza John Braxton Hicks alikuandika mwaka 1872, na sisi tumekuita utungu wa uongo. Jina hilo silipendi hata kidogo. Mwanamke aliyekesha usiku kucha akiumwa kiuno na kuhesabu dakika, kisha kukapambazuka na maumivu yakatoweka, hakudanganya wala hakudanganywa. Wako wanaouita utungu wa kujizoeza, na ningeomba jina hilo litumike hata majumbani.

Alama za utungu wenyewe wengi wenu mnazijua: huja kwa vipindi, vipindi vikazidi kukaribiana, maumivu yakazidi nguvu, wala hayaondoki kwa kutembea au kwa kubadili ubavu, aghalabu huanzia kiunoni yakazunguka mbele. Ute wenye damu kidogo huonyesha kwamba mlango unaanza kufunguka, lakini waweza kutangulia siku mbili tatu. Chupa ikipasuka kabla ya utungu, na hilo huwatokea kama wanawake 8 hadi 10 katika kila 100 waliotimiza miezi yao, mwanamke asingoje nyumbani hata kama haumwi, na maji yakiwa ya kijani asingoje hata kunywa chai.

Lipo jambo hapa ambalo limewaliza wengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema kwamba utungu wenye nguvu huhesabiwa kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, na kwamba kabla ya hapo hakuna muda maalumu. Mmoja huchukua saa chache, mwingine siku nzima au zaidi. Elimu hiyo ni njema, kwa kuwa huwaepusha wanawake na dripu na visu wasivyovihitaji. Ila imekuwa ikigeuzwa kuwa mlango wa kufukuzia. Katika hospitali moja, ambayo sina haja ya kuitaja, nilikuwako alipofika usiku mwanamke aliyesafiri saa tatu, akapimwa, akaonekana ana sentimita 3, akaambiwa arudi kwake akangoje huko. Kwake ni wapi, hakuulizwa. Alijifungua alfajiri nyuma ya gari la kubebea mkaa, na kwa rehema za Mungu wote wawili walipona. Aliyemrudisha hakukosea kipimo; alikosea kwa kutouliza njia.

Na majumbani nako? Wazee wetu walikuwa na adabu moja katika siku hizi ambayo vijana huiita ushirikina, nami naiona ina hikima: utungu ulifichwa. Mwanamke akianza kuumwa, walioambiwa ni mama, somo na mkunga, basi. Hata mume pengine alipata habari mtoto akiwa amekwisha kuoshwa. Walisema kwamba utungu ukijulikana na wengi hurefuka. Mimi siwezi kuwathibitishia hayo kwa mizani, lakini tunajua kwamba mwanamke mwenye hofu na fadhaa hutoa homoni zinazoweza kuuzuia utungu, na hata mbuzi hutafuta pembe ya faragha anapotaka kuzaa. Leo tarehe ya kadi hutangazwa kwa ndugu na marafiki wote kwa simu, na siku ikipita kila mmoja hudai maelezo.

Desturi nyingine, lakini, natamani ife, wala sitaizungumza kwa upole. Utungu ukirefuka, au mimba ikipitiliza, wako wanaomkalia mwanamke wakamtaka "aseme ukweli wake", yaani ataje mwanamume mwingine aliyelala naye, wakiamini kwamba siri ndiyo iliyoufunga uzazi. Nimeyaona haya kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Binti wa miaka 19, nyonga zake ndogo na kichwa cha mtoto kimekaa upande, akishikwa mikono na watu wanaompenda na kuambiwa aungame zina ambayo hakuizini. Kichwa kilichokaa upande hakijui habari za zina. Wanaotaka kuuombea utungu wake dua, na waandike kombe kwa zafarani na maji ya mawaridi wampe anywe, na mume ampe radhi yake kwa moyo mweupe, na mama yake amsomee. Hayo humtuliza, na utulivu una faida. Lakini anayemhoji mwanamke katika hali ile anamdhulumu, na wakati anaoupoteza kwa kuhoji ndio wakati ambao ungemfikisha hospitali.

Juu ya dawa za kuharakisha nitasema machache. Mafuta ya nyonyo huchafua tumbo kwanza, na kumwacha mwanamke amekauka maji saa ile ile anapohitaji nguvu zake zote. Mizizi na majani yanayochemshwa ili "kuongeza utungu" hayana kipimo, na utungu unaoongezwa pasipo kipimo waweza kuupasua mfuko wa uzazi. Niliowaona hivyo sitaki kuwaeleza hapa. Tende ni jambo jingine. Kisa cha Bibi Maryamu, aliyeshikwa na utungu chini ya mtende, wengi wenu mnakijua, na mwaka 2011 wachunguzi wa Jordan walichapisha habari ya wanawake waliokula tende 6 kila siku katika majuma 4 ya mwisho: walifika hospitali milango yao imefunguka zaidi, na wengi wao utungu uliwaanza wenyewe. Waliochunguzwa hawakuwa wengi, wala mimi sitajenga nyumba juu ya uchunguzi mmoja. Lakini tende ni chakula, na asiye na maradhi ya sukari na ale kwa raha yake.

Mimba ikitimiza majuma 41 na utungu haujaja, shauri hubadilika. Kondo la nyuma huchakaa, maji ya chupa hupungua, na hatari ya mtoto kufia tumboni, ambayo ni ndogo, huanza kupanda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri utungu uanzishwe hospitali wakati huo. Mwanamke anayekubali asidhani kwamba mwili wake umemhini, wala asiambiwe hivyo na mtu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lau ningalikuwa na dakika tano tu, ningalilisema hili na kushuka. Kuna kauli imeenea mijini na mashambani, kwa wasomi na wasiosoma, kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, kwa kuwa "anajikusanya kwa safari". Kauli hiyo si kweli. Nafasi ikipungua tumboni, namna ya kucheza hubadilika, mateke hugeuka kuwa kujisukuma na kujiviringisha, lakini mtoto mzima hucheza mpaka siku anayozaliwa, na hata katika utungu wenyewe. Mtoto anayepunguza kucheza huenda hapati hewa ya kutosha, naye hana njia nyingine ya kutuarifu.

Zamani kidogo, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, alikuja mwanamke mwenye mimba ya tatu, aliyeivuka tarehe yake kwa siku 5. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto ametulia tangu juzi asubuhi. Alikuwa amekwisha kusema nyumbani, akaambiwa hiyo ndiyo dalili njema, akafurahi, akafua, akapika, akangoja. Nilikiweka tumboni mwake kile kipembe cha kusikilizia, nikasikiliza upande wa kulia, nikasikiliza upande wa kushoto, nikakishusha, nikakipandisha. Alikuwa akinitazama uso. Nilichokisikia kilikuwa moyo wake yeye peke yake. Miaka mingi imepita na bado nakiona kitenge alichokuwa amevaa. Hakukuwa na mwovu katika nyumba ile. Walikuwapo watu waliompenda, waliomngojea mgeni pamoja naye, na waliorithi kauli ya uongo.

Nimekwisha kusema kwamba kungoja kwahitaji mlinzi, na mlinzi ahitaji mahali pa kukaa. Mwaka 1987 mkutano wa dunia juu ya usalama wa uzazi ulikutana Nairobi, na mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine wakaandika kwamba mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: nyumbani katika kukata shauri, njiani katika kufika, na hospitali katika kuhudumiwa. Mwanamke wa visiwa vya Pemba, wa Kojani, wa Fundo, wa Makoongwe au wa Kisiwa Panza haelezwi maana ya kucheleweshwa njiani. Utungu ukimshika maji yamekupwa, mtumbwi umekaa mchangani. Ukimshika usiku wa kusi kali, nahodha mwenyewe husita. Na mwenye kifafa cha mimba au anayetokwa na damu hawezi kuyangoja maji yajae. Huko bara ni mto uliofurika wakati wa masika badala ya bahari.

Dawa ya hayo iligunduliwa zamani nayo ni nyepesi: mwanamke asogezwe karibu na hospitali kabla utungu haujaanza, akangojee huko. Nyumba za namna hii Watanzania wameziita nyumba za mama ngojea, jina ninalolipenda kwa kuwa linakiri kwamba kungoja ni shughuli kiasi cha kuwekewa paa na milango. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 1996 mapitio ya nyumba kama hizo katika nchi mbalimbali, na hapa kwetu ziko katika wilaya nyingi. Nchi imepiga hatua: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Sisemi kwamba ni kazi ya nyumba hizi peke yake. Wamo wakunga, wamo matabibu, zimo damu na barabara. Lakini wenye kusalia katika hiyo 104 ni nani, kama si wale wanaokaa mbali?

Nimelala katika nyumba hizo, nimezijua. Nyingine hazina chandarua kizima. Nyingine mwanamke hujipikia kwa kuni zenye moshi mimba ikiwa ya majuma 39, na akiishiwa unga hurudi kwao, kwa kuwa njaa haingoji tarehe. Wengi hawaji kabisa, si kwa ujinga, bali kwa sababu hakuna atakayewaangalia watoto waliobaki wala mbuzi, au kwa sababu mume hakutoa ruhusa. Na wanaokuja huona upweke, kwa kuwa hawaruhusiwi kufuatana na mama wala dada, ilhali elimu yenyewe imethibitisha kwamba mwanamke mwenye mtu wake wa kumshika mkono huzaa kwa wepesi zaidi. Vitu vinavyopungua hapo si vya kutuma watu ng'ambo kuviomba. Ni vyandarua, ni unga na maharage, ni godoro, ni kitanda cha pili kwa ajili ya mama mtu, na ni jirani mmoja kule kijijini atakayesema, "Nenda mwanangu, watoto nitawalaza mimi."

Basi mkirudi majumbani leo, kama yumo miongoni mwenu mwenye binti, dada, mke au mkwe aliyefikia mwezi wake, nawaombeni msimuulize tena "bado tu?" Ketini naye, mmuulize mtoto amecheza vipi tangu asubuhi, na akiwaambia ametulia, mchukueni hospitali usiku huu huu, wala msingoje kukuche.